Mizani Nane Langoni mwa EPZ

Kabla jua halijachomoza, njia ya kutoka Makadara hadi lango la EPZ pale Athi River huwa imejaa watu, wengi wao wanawake waliofunga leso mabegani kujikinga na baridi ya mbuga. Sheria iliyoruhusu viwanda hivyo vya kuuza bidhaa ng'ambo ilipitishwa mwaka 1990, lakini ni baada ya Marekani kupitisha sheria ya AGOA, mwaka 2000, ndipo vyerehani vilipoongezeka kwa maelfu. Miongoni mwa waliopita langoni mwaka 2004 alikuwamo binti mmoja kutoka Mwala, mwenye cheti cha kidato cha nne na sauti iliyozoeleka kanisani kwao.

Alishona mifuko ya nyuma ya suruali za jinzi. Mfuko, mfuko, mfuko. Tageti iliandikwa ubaoni kila saa, naye aliifukuzia kwa kuimba chini ya mngurumo wa mashine, mahali ambapo hata jirani yake hakumsikia.

Enzi hizo matatu za Kitengela zilitawaliwa na kapuka, muziki ambao midundo yake ilifinyangwa kwa kompyuta. E-Sir alikuwa amefariki Machi 2003, ila sauti yake haikuteremka garini. Binti alijua kwamba Nameless alitambulika mwaka 1999 kupitia shindano la redio, na kwamba Wahu alisomea hisabati katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Watu wa chuo hao! Je, mtu wa cherehani angeingilia mlango upi?

Mlango alioupata ulikuwa nyuma ya kinyozi: chumba kimoja, kompyuta moja, mablanketi yaliyopigiliwa ukutani kuzuia mwangwi. Malipo yalikuwa nusu ya mshahara wake wa mwezi. Fundi wa mitambo, kijana mdogo kwake kwa umri, alicheza mdundo, akamsikiliza, kisha akauzima.

"Dada, maneno yako yanamwagika nje ya biti."

Usiku huo alikumbuka somo la ushairi. Tarbia: mizani nane ukwapi, nane utao. Akayapunguza maneno kwa kuhesabu silabi vidoleni, kama alivyozoea kuhesabu mifuko. Jumapili iliyofuata kila mshororo ulitua mahali pake, na fundi, ambaye shuleni aliyakimbia mashairi, akamwuliza alijifunza wapi ujanja ule. Wanaodai kwamba arudhi imepitwa na wakati wangefaa kuwamo chumbani humo.

Kurekodi sauti kuliangukia Jumamosi ya ovataimu. Meli ilikuwa ikisubiri shehena. Asiyefika angejibu mwenyewe. Mamake aliyekuwa kijijini alitegemea fedha za kila mwisho wa mwezi, na kwa siku tatu binti hakupata usingizi. Jumamosi ilipofika, alikwenda kwa kinyozi.

Alipochezewa kazi iliyokamilika, alishtuka. Sauti ilikuwa imekatwa, ikanyooshwa, ikarudiwarudiwa, na ile pumzi aliyoivuta kabla ya ubeti wa pili ilikuwa imefutwa.

"Ile ni kelele tu, dada," fundi akaeleza.

"Hapana. Hapo ndipo nilipochoka. Irudishe."

Wakabishana karibu saa nzima. Pumzi ikarudishwa.

Jumatatu jina lake halikuwamo katika orodha ya laini. Alikuwa kibarua, hapakuhitajika barua.

Wiki mbili baadaye, makanga mmoja aliyepewa sidii hiyo aliicheza jioni, gari likiwa limejaa wanawake waliotoka zamu. Mwimbaji alikuwa amekaa kiti cha nyuma. Hakujitambulisha. Mwanamke aliyekuwa mbele yake, mwenye nyuzi za buluu zilizonasa kwenye sweta, aliacha kuzungumza ubeti wa pili ulipokaribia, akainua kichwa.

"Huyu naye amechoka kama sisi," akasema. "Kanga, hebu rudisha hapo."

Makanga akarudisha.

Binti aliteremka Makadara, akapitia dukani kuomba unga kwa mkopo.