Ufuo wa Kisumu: Tupange Ukimya Kabla ya Jukwaa

Mombasa na Kisumu ni ncha mbili za njia moja ya reli. Mataruma ya mwanzo yalilazwa kwetu mwaka 1896, na mnamo Desemba 1901 reli ikafika ziwani, mahali palipopewa jina la Port Florence, ndipo Kisumu ya leo. Msafiri wa pwani akifika huko hupata jambo asilolitarajia: ziwa li karibu, lakini katikati ya mji halionekani. Baina ya mji na maji pana yadi za reli, bandari, maghala na matangi ya mafuta. Mji uliyapa maji kisogo kwa kuwa maji yalikuwa ya kazi, si ya kupungia upepo.

Sasa Kisumu inataka kugeuza uso. Mkutano wa miji ya Afrika, Africities, uliofanyika huko Mei 2022, uliacha njia za miguu na bustani zilizopambwa upya, na mazungumzo juu ya ufuo hayajakoma. Miongoni mwa yanayozungumzwa ni hili: je, pawepo bustani ya ufuoni yenye jukwaa la wazi, watu wakae mbele ya ziwa na kusikiliza muziki?

Huenda msomaji akashangaa sheikh kulishughulikia suala hilo. Nami nitajibu kwa maneno ya kijana mmoja wa Chuo Kikuu cha Maseno niliyezungumza naye katika safari yangu ya huko. Alisema, “Sheikh, sisi tukitaka kusikia gitaa jioni, mlango ulio wazi ni wa baa. Mwingine hatuna.” Maneno haya yalinikaa moyoni. Nchi ya Waluo ni nchi ya nyatiti yenye nyuzi nane, na ndiko benga ilikotokea. Mtu hawezi kuwaambia watu wa huko wasiwe na muziki. Linalowezekana ni kushauriana nao muziki huo ukae wapi, saa ngapi, na kwa sauti ya kiasi gani. Mahali pa wazi, penye mwanga, pasipouzwa pombe, ambapo baba huingia na wanawe, ni bora mara nyingi kuliko chumba chenye giza.

Maseno yenyewe ina fundisho katika jambo hili. Mji huo mdogo uko kiasi cha kilomita 25 kutoka Kisumu kwa barabara iendayo Busia, na mstari wa ikweta wapita hapo. Wengi huijua kwa shule yake ya wamisionari, iliyoanzishwa mwaka 1906, aliyosoma Jaramogi Oginga Odinga. Mimi nilivutiwa zaidi na jua lake. Kwenye ikweta machweo hayachezi sana. Kwa mwaka mzima, Magharibi ya upande ule huingia baina ya saa kumi na mbili na nusu hivi na saa moja kasoro dakika chache, tofauti isiyozidi nusu saa. Mpangaji wa ratiba wa London angetamani neema hiyo, kwani kwake Magharibi ya Juni na ya Desemba hupishana kwa zaidi ya saa tano. Kisumu yaweza kuandika kanuni moja ya mwaka mzima: kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa moja na robo jukwaa lisimame. Mpiga gitaa atakunywa maji, mwenye watoto atawalisha, na anayesali atasali. Kanuni hiyo haihitaji kalenda wala mabishano ya kila wiki.

Kisha pana suala la sauti na maji. Wavuvi wetu wa Kilindini na Shela wanajua kwamba usiku mtu aliye mbali kwenye maji husikika kana kwamba yu ubavuni. Sababu yake ni kwamba hewa iliyogusana na maji hupoa, na ile ya juu yake hubaki na joto. Sauti iliyokuwa ikipanda hupindwa ikarudi chini na kusafiri mbali. Kisumu ina jambo la pili: mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, na usiku hugeuka. Kwa hiyo vipaza sauti vikiwekwa ukingoni vikautazama mji, tamasha la alasiri litabebwa na upepo hadi madarasani, hospitalini na misikitini. Vikigeuzwa viyatazame maji, hapana budi tukumbuke kwamba ziwani nako kuna watu. Wavuvi wa omena, tuwaitao dagaa, hufanya kazi usiku wa giza la mwezi kwa taa zao. Mwanga mkali na kishindo kutoka ufuoni ni mambo yanayowahusu katika riziki yao.

Mafundi wa sauti wanayo dawa: vipaza sauti vidogo vingi, vilivyotawanywa karibu na wasikilizaji, badala ya minara miwili mikubwa inayopiga kelele ili wa nyuma wasikie. Pia tuta la udongo lenye nyasi na miti, lililoinuliwa nyuma ya viti, huzuia sauti isivuke mipaka.

Sheria nayo ipo. Kanuni za kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, zinataka kelele inayofika mahali pa ibada isizidi desibeli 40 mchana na 35 usiku, na usiku wa kanuni hizo huanza saa mbili. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili ni kama desibeli 60. Msomaji aone mwenyewe jinsi kipimo hicho kilivyo chini. Na tuseme haki: kanuni hiyo hiyo inavipima vipaza sauti vya mihadhara yetu. Anayedai kipimo kwa jirani yake na awe tayari kupimwa.

Mahali pa kuliweka jukwaa si suala dogo. Ukitoka mjini kuelekea kusini kwa kufuata ufuo, unafika kwenye Hifadhi ya Swala ya Kisumu, iliyotangazwa mwaka 1992, kisha Hippo Point na Dunga. Dunga kuna kinamasi cha mafunjo ambamo ndege wasioishi kwingine ila kwenye mafunjo hutaga, na samaki wachanga hukulia. Jukwaa likiwekwa huko, hasara itaanza kabla ya wimbo wa kwanza. Rai yangu ni kwamba lisogezwe upande wa bandari na reli, palipokwisha kuzoea honi na vyuma, na penye ardhi iliyolala bila kazi. Tena liwe nyuma ya mahali maji yalipofika mwaka 2020, ziwa lilipopanda, likafunika fuo na kuwahamisha watu wengi kandokando ya Ghuba ya Winam. Wazee wa ufuoni wanaweza kumwonyesha mhandisi alama ya maji kwa kidole. Na kwa kuwa Kisumu hupigwa aghalabu na mvua za radi alasiri na jioni, paa na nyaya za umeme za jukwaa zisifanyiwe mzaha.

Kwetu pwani tunayo mifano miwili ya kuwapa ndugu zetu. Wa kwanza ni Unguja. Bustani ya Forodhani ilitengenezwa upya na Wakfu wa Utamaduni wa Aga Khan, ikafunguliwa tena mwaka 2009. Jioni ni ya wauza vyakula, watoto na wazee. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, limekuwa likifanyika ng'ambo ya barabara tu, ndani ya kuta nene za Ngome Kongwe. Ufuo umebaki wa wote, na muziki umepata nyumba yenye kuta. Wa pili ni Mama Ngina, Mombasa, iliyofunguliwa upya Oktoba 2019 ikiwa na ukumbi wa wazi wenye ngazi za kukalia. Hapo hapana kuta, na ng'ambo ya maji ni Likoni. Siku za kawaida familia hukaa chini ya mibuyu na kutafuna mihogo, na ndizo siku nyingi za mwaka. Mifano yote miwili yatufunza kwamba bustani hujengwa kwa ajili ya jioni za kawaida kwanza, na tamasha liwe mgeni wake.

Jambo la mwisho ni haki ya waliokuwapo. Pale Lwang'ni, karibu na bandari, kulikuwa na vibanda vilivyosifika kwa samaki wa kukaanga, na wengi waliovitegemea walikuwa kina mama. Vilibomolewa bandari ilipokuwa ikifufuliwa. Bustani mpya ikija na uzio, tikiti mlangoni na mikahawa ya wenye mitaji, ufuo utakuwa umetoka mikononi mwa reli ukaingia mikononi mwa wenye pesa, na mama muuza samaki atabaki nje kama zamani. Dini yetu imeijali haki ya njia na haki ya jirani. Ufuo ni njia, na kila aliyeufikia kabla yako ni jirani.

Katiba ya mwaka 2010 imempa raia nafasi ya kusikilizwa kabla ya mipango kama hii kupitishwa. Mara nyingi kamati zetu za misikiti hufika mwisho, jukwaa limekwisha simama, zikiwa na malalamiko tu. Nawausia ndugu zetu wa Kisumu, wa Msikiti wa Jamia, wa Kaloleni, na Wanubi wa Kibos, waende mapema, waende na karatasi: saa za sala za mwaka mzima, mwelekeo wa vipaza sauti, mahali pa kutawadhia na vyoo safi, meza za kina mama wauza samaki, siku ngapi za tamasha kwa mwezi, na saa ya kuzima. Wakae meza moja na wavuvi, waimbaji na wanafunzi, kwani wengi wa hao nao wanataka kulala usiku. Tuwaombee tawfiki, nasi wa Mombasa tujifunze kwao pale watakapotutangulia.