Krismasi ya Nyanya na Mjukuu Nchini Uganda

Krismasi inapokaribia, watu wengi wa kazi kama yangu huhesabu fedha za nguo, za nyama na za nauli ya kwenda nyumbani, kisha hujiona wamekwisha timiza wajibu wao kwa jamaa. Lakini jamaa wengine hawako nyumbani. Wako ng'ambo ya mpaka, na mwaka baada ya mwaka hupita pasipo hata mtoto mmoja kwenda kuwajua. Nataka kuwaeleza wasomaji habari za mama yangu na binti yangu mwenye umri wa miaka 12, ambao walikula Krismasi ya mwaka 2022 nchini Uganda, na faida niliyoiona katika safari ile.

Sisi ni Wasamia wa Busia, ingawa mimi ni karani mjini Nakuru na watoto wangu wamezaliwa huko. Dada mkubwa wa mama yangu aliolewa na Msoga mwaka 1969, akahamia Busoga, si mbali na mji wa Iganga. Yafaa tukumbuke kwamba mpaka wenyewe si wa zamani sana. Hadi tarehe 1 Aprili 1902 nchi yetu ya magharibi, hata kufika Naivasha, ilihesabiwa kuwa jimbo la mashariki la Uganda. Siku hiyo Waingereza waliitia katika utawala wa upande huu, nao Wasamia na Wateso wakawa wengine huku na wengine kule, ingawa hakuna aliyehama boma lake.

Kwa miaka mingi mpaka ule haukuwasumbua watu. Shida zilikuja baadaye. Idi Amin alitwaa serikali mwezi wa Januari 1971, na mwezi wa Februari 1976 akadai kwamba sehemu kubwa ya Kenya ni mali ya Uganda. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Hata baada ya Amin kuondolewa mwaka 1979 amani haikukamilika, kwani mwezi wa Desemba 1987 risasi zililia pale pale Busia mpakani. Mama hunisimulia kwamba katika miaka ile barua hazikufika. Baba yao alipofariki, dada yake alipata habari baada ya miezi mitano, naye alililia kaburi ambalo majani yalikuwa yamekwisha ota juu yake.

Jumuiya ilifufuliwa mwaka 2000, lakini desturi ya kutembeleana ilikuwa imekwisha kufa. Kisha mwaka 2020 ugonjwa wa Korona ukafunga njia tena. Basi mwaka 2022 tulipopata habari kwa simu kwamba mama mkubwa anapoteza nuru ya macho, mama alisema, "Nitakwenda nimwone angali ananijua kwa sauti. Nami sitakwenda peke yangu, nitakwenda na mtoto huyu."

Rafiki zangu wawili walinicheka. Walisema, "Mtoto wa shule ataona nini kijijini? Fedha hizo mpelekee Mombasa akaone bahari." Nilipomwambia mama maneno hayo, alijibu, "Bahari haitamletea mtoto huyu habari siku ya msiba."

Mimi nilikuwa na zamu ofisini wiki ile, kwa hiyo niliwasindikiza hadi Busia tu. Mama alipita kwa kitambulisho chake cha taifa, maana tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wameruhusiwa kusafiri hivyo baina ya nchi zao. Mtoto alikuwa na pasipoti yake pamoja na barua ya idhini yetu wazazi. Nilimwonyesha njia ile baina ya vituo viwili ambapo vijana wa baiskeli walikuwa wakibeba watu kutoka mpaka mmoja hadi wa pili, na ndipo neno bodaboda lilipozaliwa. Mama alibeba unga wa wimbi, ufuta na samaki wakavu wa ziwani, kwa kuwa kwetu mtu hafiki kwa dada yake mikono mitupu.

Habari za huko nilizipata kwa wote wawili, kila mmoja kwa namna yake. Mtoto alistaajabia noti za elfu hamsini, na magari tuyaitayo matatu kuitwa taksi. Alipenda matoke yaliyofunikwa kwa majani ya mgomba na kuiva kwa mvuke. Alifurahi sana kusikia kwamba Krismasi huitwa Sekukulu, akatambua mara moja kwamba ni neno letu la Kiswahili, sikukuu, lililovaa nguo za kule.

Mama yeye alisimulia habari nyingine. Alipoingia uani dada yake alikuwa ameketi chini ya mwembe. Mama akamsalimu, "Mulembe," naye mzee yule akanyamaza kidogo, kisha akamwita kwa jina lake la utotoni, jina ambalo hakuna mtu mwingine aliye hai alijuaye.

Baada ya ibada na chakula wakaona jambo la kuhuzunisha. Wajukuu wa mama mkubwa walisema Kisoga na Kiingereza. Binti yangu alisema Kiswahili na Kiingereza. Wazee wawili walizungumza Kisamia, na katika watoto tisa waliokuwapo hakuna aliyefahamu ila salamu. Hivyo damu moja ilikutana ua mmoja, nayo ikawa inazungumza kwa lugha ya kuazima. Ni kweli kwamba mwezi wa Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kifundishwe shuleni kwa lazima, na jambo hilo litawafaa watoto hawa. Lakini shule haiwezi kuwafundisha majina ya jamaa zao.

Usiku ule mama aliagiza daftari. Akamketisha binti yangu kati ya wazee wawili, nao wakamtajia jamaa mmoja mmoja: nani alizaa nani, nani aliolewa wapi, nani anaishi Bugiri, nani Jinja. Mtoto aliandika nyumba 14, na palipo na nambari ya simu akaandika na nambari. Kisha mama mkubwa akataja mahali alipozikwa ndugu yao wa kiume, aliyekwenda Jinja kutafuta kazi na asirudi tena. Mama hakuwa amepajua. Tarehe 27 walikwenda, mtoto akimshika mkono mzee asiyeona, na mzee akiwaongoza kwa kuuliza, "Je, mmefika penye mti mkubwa? Je, mmevuka kijito?" Kaburi likaonekana, wakalipalilia wote pamoja.

Mwezi wa Aprili 2023 mama mkubwa alifariki. Wanawe hawakujua jamaa wote wa upande wa mama yao, wakatuuliza sisi. Binti yangu alileta daftari lake, akasoma majina, nami nikapiga simu. Siku ya tatu watu wa nyumba 12 kati ya zile 14 walisimama kaburini pamoja. Mama alisema neno moja tu: "Safari hii sikulilia majani."

Basi wasomaji wenzangu, mkulima na karani, nawashauri hivi. Ikiwa mna jamaa Uganda, Tanzania au nchi nyingine yo yote, mpelekeni mtoto pamoja na mzee, wala msimpeleke mmoja wao peke yake. Mzee ajua njia na majina, lakini siku zake ni chache. Mtoto hajui kitu, lakini ana kalamu na miaka mingi mbele yake. Tazameni mapema vitambulisho, pasipoti na barua ya idhini, msije mkarudishwa mpakani. Tena mnunulieni mtoto daftari kabla ya kumnunulia nguo mpya. Nguo ile ya Krismasi ya mwaka 2022 haimtoshi tena binti yangu, bali daftari bado twalitumia.