Mvumo wa gitaa na ile pini ya ethi

Kimya changu ni majaribio tu, si kingine. Leo tuache mitihani, tuongelee kelele.

Bendi yetu ya bweni inapiga Jumamosi kuwakaribisha mwaka wa kwanza. Mpiga solo ana pedali tatu: distoshen, korasi na ile ya mwangwi ya dijitali. Zote zinakula adapta moja ya bei poa, kwa waya wenye matawi. Akikanyaga distoshen tu, spika inanguruma "mmmmm" kuliko hata gitaa. Basi jamaa mmoja akatoa dawa yake: ting'oe pini ya ethi kwenye plagi ya amplifaya. Nikakataa, tukabishana mpaka saa sita usiku.

Kwanza tumjue mwizi. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde. Adapta ya transfoma inaugeuza uende upande mmoja, na kwa kuwa kila nusu ya wimbi inatumika, yanabaki mawimbi madogo 100 kwa sekunde. Yasipochujwa vizuri yanaingia kwenye pedali. Distoshen kazi yake ni kukuza, kwa hiyo inakuza na uchafu huo. Yaani inasingiziwa tu masikini.

Kipimo chake rahisi: chomoa adapta, weka betri ya volti 9, pedali moja moja. Mvumo ukipotea, tatizo ni adapta. Ukibaki, kagua waya za jeki, halafu simama na gitaa ugeuke taratibu. Ukibadilika kadiri unavyogeuka, koili za gitaa zinanasa sumaku ya transfoma iliyo karibu. Sogea mbali nayo. Sisi kwa betri kukawa kimya kabisa, ila betri zinakwisha haraka na bumu lenyewe mnalijua.

Tukafanya mawili. Pedali ya mwangwi tukaipa adapta yake, maana sakiti za dijitali hurudisha kelele kwenye waya wanaochangia. Tena ukichangia adapta, hasi za pedali zinakutana mara mbili: kwenye waya wa umeme na kwenye waya za jeki. Hapo unapata duara, na duara hilo linanasa mvumo.

La pili, kichujio cha distoshen. Rizista ya omu 100 kwenye waya chanya, kisha kapasita ya maikrofaradi 1000, volti 25, kutoka chanya upande wa pedali kwenda hasi. Kwa hesabu, mawimbi yale 100 yanapungua kama mara 60. Angalia alama ya hasi kwenye kapasita, ukiigeuza inaweza kupasuka. Na usiweke rizista hiyo kwenye pedali inayokula umeme mwingi: kwa miliampia 10 unapoteza volti 1 tu, lakini kwa 100 ingetaka volti 10, na wewe unazo 9!

Sasa ethi. Ni kweli ukiing'oa mvumo unaweza kufa, kwa sababu umekata duara. Lakini waya ule upo ili umeme ukivuja kwenye bodi ya amplifaya upite huko, sio kwenye nyuzi za gitaa na mikono ya mtu. Mwaka 1972 mpiga gitaa Les Harvey wa Stone the Crows alikufa jukwaani Swansea, Wales, kwa shoti ya maikrofoni isiyo na ethi nzuri. Na mwimbaji wetu huimba mdomo ukigusa maikrofoni huku kashika gitaa.

Mvumo haujaisha wote, kamebaki kasauti kadogo distoshen ikiwaka. Jamaa bado kaninunia, anasema mwalimu wa fizikia hata kwenye muziki anafundisha. Sawa tu. Kasauti tutakavumilia. Pini imebaki mahali pake, na plagi ile Jumamosi naichomeka mwenyewe.

Usiku mwema, kesho kipindi saa moja.