Mwili wa Mgonjwa wa Akili Nao Huumwa

Siku moja, katika mavuno yaliyopita, tulikuwa tumeketi barazani pamoja na kaka yetu tukipukusa mahindi. Akaja mgeni, mnunuzi wa mazao, akabisha hodi, akamwinamia kaka yetu akasema, "Shikamoo, mzee." Kisha akatutazama sisi, akamwambia, "Mzee, umebarikiwa, mwanao amekuwa mwalimu." Kaka yetu akacheka, akajibu, "Huyu si mwanangu, ni mdogo wangu. Tumepishana miaka 6 tu." Mgeni akaona haya, nasi tukaona haya kuliko yeye, maana tulijua ya kwamba macho yake hayakukosea. Umri wetu ni miaka 36, na wake 42. Walakini ukimtazama mgongo, meno na mwendo, utasema ni mtu wa miaka 60.

Kaka yetu alishikwa na ugonjwa wa akili alipokuwa na miaka 21, katika mwaka wake wa kwanza wa kazi ya useremala. Alianza kusikia sauti za watu wasioonekana, akakosa usingizi, akaacha randa na msumeno. Madaktari waliuita ugonjwa huo skizofrenia. Tangu hapo anameza dawa, nazo sauti zimepungua, naye anakaa nasi nyumbani kwa amani. Kwa hayo twashukuru. Lakini leo twaandika habari ya jambo tusilolijua zamani, na kwa kutolijua tulimdhulumu ndugu yetu.

Miaka mitatu iliyopita alianza kulalamika ya kuwa ana kiu. Alikunywa maji kama mtu aliyetoka safari ya jua kali, akaamka usiku mara nyingi kwenda haja, akasema miguu yake inawaka moto. Nasi tulisemaje? Tulisema, "Ni ule ugonjwa wake." Mtu ambaye zamani alituambia ya kwamba ukuta unasema naye, leo akisema miguu inawaka, nani atamsadiki? Hata mtungi tulimfichia, tukidhani twamtunza.

Kisha akapata kidonda kidogo katika kidole cha mguu, kisipone. Tukampeleka kwenye zahanati. Mtumishi aliyekuwapo, alipokiona cheti cha dawa zake, hakumvua kiatu wala hakumpima chochote. Alisema tu, "Huyu ni mgonjwa wa akili, mrudisheni kwa daktari wake." Hatukubishana naye, kwani alisema yale yale tuliyokuwa tukiyasema sisi nyumbani. Tukarudi, tukangoja wiki tano, hata kidonda kikanuka. Hapo ndipo tulipomchukua mpaka hospitali kubwa. Daktari akamtoboa kidole cha mkono, akapima tone moja la damu, na jibu likatoka upesi: kisukari, tena cha siku nyingi. Vidole viwili vya mguu havikuweza kuokolewa, vikakatwa.

Daktari akatuita kando akasema, "Mwalimu, ndugu yako hakuwa akisema upuuzi. Ana mwili kama wewe, na mwili wake wahitaji kuangaliwa kuliko wako." Maneno hayo yalituchoma. Tukaanza kuuliza na kusoma, na haya ndiyo tuliyojifunza.

Shirika la Afya Duniani lasema ya kwamba watu wenye magonjwa makali ya akili hufa miaka 10 hata 20 kabla ya wenzao. Wengi hudhani ni kwa sababu hujiua. Ni kweli wako wanaojiua, na hilo ni msiba mkubwa. Lakini walio wengi huuawa na magonjwa ya kawaida ya mwili, kama moyo, kiharusi, kisukari, na magonjwa ya kifua. Nayo mengi yaweza kuzuiwa, au kutibiwa yakijulikana mapema.

Sababu si moja. Baadhi ya dawa, hasa olanzapini na klozapini, huongeza njaa na unene, na huweza kupandisha sukari katika damu. Tena wagonjwa wengi huvuta tumbaku sana, hukaa bila kazi, hula wanachopata, na usingizi wao si wa raha. Na juu ya hayo yote, watu wakiisha kuuona ugonjwa wa akili hawautazami mwingine. Kila kilio chake hutiwa katika kapu lile lile moja.

Labda msomaji atasema, "Basi dawa ndizo zinazoua, tuzitupe." La, sivyo. Huko Uingereza, mwaka 1841, William Farr aliandika habari za vifo katika nyumba za wagonjwa wa akili, akaonyesha ya kuwa walikufa kwa wingi kuliko watu wengine. Na dawa ya kwanza ya namna hii, klopromazini, ilianza kutumiwa kwa wagonjwa hao huko Paris mwaka 1952. Kifo cha mapema kilikuwapo zaidi ya miaka mia kabla ya dawa. Tena mwaka 2009 wachunguzi wa Finland walitoa habari za wagonjwa wa skizofrenia zaidi ya 66,000, wakaona ya kwamba waliotumia dawa kwa muda mrefu walikufa wachache kuliko wasiotumia kabisa. Dawa na zitumiwe, lakini mwili nao upimwe.

Na huku kuzeeka upesi je? Wataalamu wametazama hata ndani ya chembe za mwili. Katika kila chembe mna nyuzi nyembamba zichukuazo urithi wetu, na ncha za nyuzi hizo zimekingwa kama mkeka ulivyokingwa kwa pindo lake. Kila chembe igawanyikapo, pindo hupungua kidogo. Likiisha, chembe huchoka. Kwa kugundua jinsi pindo hilo linavyofanya kazi, watu watatu, Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009. Wachunguzi wengi wamekuta pindo hilo ni fupi zaidi kwa wagonjwa wa skizofrenia, ijapokuwa wengine hawakuona tofauti. Picha za ubongo nazo huonyesha ubongo uliozeeka kupita miaka ya mwenyewe. Basi yule mgeni wa barazani hakuona mvi na mikunjo tu; huenda aliona kazi iliyokuwa ikifanyika ndani kwa miaka mingi.

Sasa twafanya mambo machache, wala si makubwa. Kila mwezi twampima kiuno kwa kamba yenye fundo, na fundo likipita mahali pake twajua. Kila mwaka damu yake hupimwa sukari na mafuta, na shinikizo la damu pia. Na mgonjwa anayeanza dawa mpya hupimwa kwanza, kisha tena baada ya miezi mitatu. Kila jioni twamtazama nyayo. Asubuhi twaenda naye shambani, naye hupalilia mistari yake. Tumbaku anaipunguza, na daktari ameambiwa, kwa kuwa moshi wake hupunguza nguvu za baadhi ya dawa, na mtu akiacha kuvuta huenda kipimo cha dawa kikabadilishwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi hatukuziba, na ukuta tumeujenga kwa vidole vya mtu mwingine.

Jioni moja, tulipokuwa tukimfunga kitambaa mguuni, kaka yetu alituuliza kwa upole, "Mdogo wangu, nilikuambia miguu inawaka. Mbona hukunisadiki?" Hatukuwa na jibu ila kusema, "Nisamehe, kaka." Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Nikikuambia tena, njoo utazame."

Wasomaji wapenzi, katika kijiji chenu yumo mtu kama huyu, labda katika nyumba yenu. Akisema kifua kinambana au macho hayaoni, msiulize kwanza kama ni wazimu. Nendeni mkatazame.