Kangaga na mkono wa yule binti

Leo nina aibu kidogo. Kwenye mazoezi ya kufundisha niliwaambia wanafunzi kwamba kangaga la mikokoni, Acrostichum aureum, lile la kijani mwaka mzima linalomzidi mtu urefu, haliishi bila chumvi. Nilisema kwa kujiamini, si mnanijua tena! Binti mmoja wa Msimbati akanyoosha mkono: "Mwalimu, bibi analo uani, anamwagilia maji ya kisima." Nikamkatiza.

Hosteli nikasoma. Kumbe chumvi linaivumilia tu, kwenye maji baridi linastawi vizuri, ndiyo maana watu wanalipanda bustanini.

Jumatatu nikajisahihisha mbele ya darasa zima. Binti hata hakucheka. Akauliza kama yale ya kahawia chini ya majani ya juu ni ugonjwa.

Spora, nikamjibu. Hiyo nilikuwa na uhakika nayo, haha.