Nilipousikiliza muziki wa mpwa wangu

Mama yangu alipokuja kututembelea mtaani Umoja wakati wa likizo ya Agosti, alikuja na gunia la mbaazi, kuku wawili na nia ya kukaa mwezi mzima. Siku ya tatu aliniita jikoni, akafunga mlango, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba anarudi Machakos, na akirudi ataondoka na mpwa wangu.

"Mtoto huyu anaabudu shetani," akasema. "Na wewe umelala."

Mpwa wangu ana umri wa miaka 17 na yuko kidato cha tatu. Mamake, dada yangu mkubwa, yuko Qatar kikazi, na kwa miaka mitatu sasa kijana amekaa kwangu. Hana makuu. Huosha vyombo bila kusukumwa, hanywi, na alama zake shuleni si haba. Kosa lake ni moja tu: akimaliza kazi hujifungia chumbani na kuwasha muziki ambao, mpenzi msomaji, ukiusikia kwa mara ya kwanza utadhani simba amebanwa mkia na lango la chuma.

Kelele hizo mama alikuwa amezistahimili. Kilichomshinda ni fulana. Mama alisoma hadi darasa la saba enzi zile, na Kiingereza chake hajakisahau. Alikuwa akianika nguo aliposoma maneno kwenye kifua cha fulana nyeusi ya kijana: God Dethroned. Yaani, Mungu Aliyepinduliwa. Aliiacha ikaanguka sakafuni, akaingia ndani kutafuta Biblia yake.

Nikajikuta baina ya nyundo na fuawe. Kumhamisha mwanafunzi wa kidato cha tatu ni kumvuruga masomo, na dada yangu aliniachia mimi dhamana hiyo. Kwa upande mwingine, mama ni mama. Nilimwomba anipe siku mbili.

Kusikia na kusikiliza

Usiku huo nilimbishia kijana hodi. Nilikuwa nimejiandaa kumhutubia, lakini aliniwahi kwa swali.

"Mjomba, huu muziki umewahi kuusikiliza, ama unausikia tu?"

Nilikosa jibu. Miaka yote hii ninaandika makala kuhusu watu na mambo yao, na sijawahi kuketi hata dakika tano na muziki unaopigwa chini ya paa langu. Niliketi kitandani, akanipa vipaza sauti vya masikioni.

Akanieleza kwamba huo ni muziki wa dethi meto, mtoto wa hevi meto. Gitaa hushushwa sauti hadi zikakoroma, ngoma kubwa hupigwa kwa miguu yote miwili, na mwimbaji hunguruma kutoka tumboni badala ya kuimba. Lakini kuna wapigaji ambao hawaitupi tuni. Chini ya ngurumo, gitaa moja hubeba wimbo ambao ungeweza kuupiga mluzi ukitembea. Kundi hili ni mojawapo ya hao. Linatoka Beilen, mji mdogo katika mkoa wa Drenthe, kaskazini mashariki mwa Uholanzi, na kiongozi wake ni Henri Sattler, ambaye hupiga gitaa na kunguruma. Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka wa 1992.

Sitaficha jambo hapa. Nyimbo zao nyingi huikejeli dini, na jina la kundi halikuwekwa kwa bahati mbaya. Albamu iliyomvutia mpwa wangu, The Judas Paradox ya mwaka wa 2024, inachokoza swali ambalo huwezi kuliuliza kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa: ikiwa wokovu ulihitaji Yesu asalitiwe, Yuda alikuwa msaliti au alikuwa mtumishi? Mimi ni Mkristo, na swali hilo halikunipendeza. Hata hivyo nilikumbuka kwamba nikiwa na umri kama wake nililiuliza katika shule ya Jumapili, nikafukuzwa darasani.

"Sasa sikiliza hii," kijana akasema. Baada ya kuipenda albamu mpya alikuwa amerudi nyuma kutafuta za zamani, akaikuta Passiondale, ya mwaka wa 2009.

Matope ya Flanders

Kumbe albamu nzima ni ya vita. Ukilisoma jina lake unasikia neno Passion, ambalo makanisani ni mateso ya Bwana Yesu. Lakini pia ni Passchendaele, kijiji cha Flanders nchini Ubelgiji ambako Waingereza na wenzao walipambana na Wajerumani kuanzia Julai 31 hadi Novemba 10, 1917. Mizinga ilikuwa imeharibu mitaro yote ya kutoa maji mashambani, kisha mvua kubwa ikanyesha. Ardhi ikageuka uji. Askari waliojeruhiwa, farasi na hata mizinga vilididimia. Wimbo mmoja unaitwa Drowning in Mud, yaani kuzama matopeni. Mwingine, Poison Fog, ni wa ukungu wa sumu, kwa kuwa vita hivyo vilikuwa vya gesi pia. Baada ya zaidi ya miezi mitatu jeshi lilikuwa limesonga mbele kilomita nane hivi. Mwezi wa Aprili mwaka uliofuata Waingereza wakaliacha eneo hilo tena.

Nilishangaa kwa nini Waholanzi waimbe habari hizi, maadamu nchi yao haikupigana vita hivyo. Lakini Flanders ni jirani yao wa ukutani na lugha ni moja. Wabelgiji wapatao milioni moja walikimbilia Uholanzi mwaka wa 1914, na mfalme wa Ujerumani, Wilhelm wa Pili, alitorokea huko mwaka wa 1918, akaishi huko hadi kufa kwake mwaka wa 1941. Kundi hilo liliendelea kuimba juu ya vita hivyo katika albamu mbili nyingine, ya mwaka wa 2010 na ya 2017.

Karibu na kijiji hicho kuna makaburi ya Tyne Cot. Wamezikwa askari karibu 12,000, na zaidi ya 8,300 kati yao hawajulikani majina. Juu ya mawe yao imeandikwa kwamba anayewajua ni Mungu. Kwenye ukuta yamechongwa majina karibu 35,000 ya wengine ambao miili yao haikutambuliwa kamwe.

Niliondoa vipaza sauti saa sita za usiku. Masikio yaliniuma, lakini sikuwa na hotuba tena.

Babu wa mama

Siku iliyofuata baada ya chakula cha jioni nilimwomba kijana amweleze nyanyake aliyonieleza. Alianza kwa woga. Mama alikuwa akichambua mbaazi huku amemgeuzia bega. Kijana alipofika kwenye mwaka wa 1917, mikono yake ikasimama.

"Mwaka huo ndio babu yangu alichukuliwa Kariokor," akasema.

Sikuwahi kulisikia jambo hilo. Kwangu mimi Kariokor ilikuwa soko la vyondo na nyama choma. Kumbe mtaa huo ulipata jina kutoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Mwaka wa 1917, Flanders ikizama, Waingereza walikuwa wakisaka wanaume kote katika nchi hii ili wakabebe vyakula na risasi wakimfuata Mjerumani Tanganyika. Kila mmoja alibeba kilo 25 hivi kichwani, akala unga usioiva vizuri, akalala mvuani. Waliouawa na kuhara, malaria na kichomi walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Inakadiriwa kwamba wapagazi zaidi ya 90,000 wa upande wa Waingereza walikufa.

"Alimwacha mke na mtoto mchanga, ndiye baba yangu," mama akasema. "Nyanya yangu alimngoja hadi akazeeka. Hatukuonyeshwa kaburi, wala hatukupewa barua."

Nikamweleza niliyoyajua. Mwaka wa 2021, tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na ikaomba radhi. Mama alitikisa kichwa. Baada ya kitambo akamgeukia mjukuu wake.

"Niwekee huo wa matope."

Alisikiliza kama dakika mbili, uso ameukunja kama anayekunywa dawa ya mwarobaini. Kisha akaondoa vipaza sauti.

"Huyo mtu analia," akasema. "Analia vibaya sana, lakini analia."

Jumamosi tulishuka mjini sote watatu, tukasimama mbele ya zile sanamu za shaba katika barabara ya Kenyatta Avenue, ambazo huwa tunazipita mbio kukimbilia matatu. Maandishi yake ni ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Mama alimwambia kijana amsomee ya Kiswahili, akasikiliza hadi mwisho, halafu akauliza majina yako wapi. Hakuna jina hata moja pale. Kijana alimwomba amtajie jina la babu yake, akaliandika kwenye simu, herufi moja moja, huku mama akimsahihisha.

Wazazi wenzangu, siwaambii muupende muziki huo. Mimi mwenyewe sijaupenda. Wala sisemi kila kinachopigwa vyumbani mwa watoto wetu ni salama. Mungu Aliyepinduliwa si jina ninalolitaka kwangu, na hilo nimemwambia kijana waziwazi. Ninachosema ni kwamba nusura nimtoe mtoto wa dada yangu shuleni kwa sababu ya kitu ambacho sikuwa nimekisikiliza.

Mama alirudi Machakos mwisho wa mwezi, kama alivyokusudia hapo mwanzo, na alirudi peke yake. Kabla ya kuondoka alitoa masharti mawili. Kijana atakwenda naye kanisani kila likizo, na ile fulana isianikwe nje. Kijana aliyakubali yote. Fulana sasa huanikwa bafuni, imegeuzwa nje ndani.