Rejeta ya Hita

Kila gari ya Kijapani inayoteremshwa bandari ya Malindi inakuja na kitu ambacho hapa Unguja hakina kazi: hita. Vifungo vyake vipo kwenye dashibodi, vina alama nyekundu na buluu, na watoto huvichezea. Nyuma ya vifungo hivyo, ndani kabisa, kumekaa rejeta ndogo yenye ukubwa wa kamusi. Maji ya moto ya injini, yenye nyuzi 80 hadi 90, yanapita kwenye hozi mbili, yanazunguka ndani ya rejeta hiyo na kurudi yalikotoka. Feni ikipuliza, abiria wanapata joto. Mtu wa Sapporo, ambaye anafukua theluji mlangoni kabla ya kwenda kazini, hawezi kuishi bila kitu hicho. Sisi hata neno theluji tumeliazima kwa Waarabu, ambao nao wengi wao hawakuiona.

Kamusi zina neno kikanza, lakini sijawahi kumsikia mtu wa Bwejuu akilitamka. Mafundi wanasema rejeta ya hita, na wakilisema wanalisema kwa dharau kidogo, kama anavyosemwa mgeni aliyekaa siku nyingi bila kusaidia kazi. Ikivuja, dawa yake ni moja kisiwa kizima: ruka. Fundi anazitoa zile hozi mbili kwenye hita, anaziunganisha zenyewe kwa zenyewe ili maji yapite bila kuingia ndani, anakaza klipu, anajifuta mikono. Nusu saa. Mie niliambiwa 15,000. Themostati nayo wengi huing'oa wakaitupa, eti nchi yetu ina joto la kutosha, ingawa bila hiyo injini inachelewa kupata moto wake na inakula mafuta zaidi. Ndiyo falsafa ya gereji zetu: Mjapani katia vitu vingi, kazi yetu ni kuvipunguza.

Gari yetu ni Suzuki Escudo ya 1997. Marehemu baba aliinunua 2009, ikiwa na stika ya ukaguzi ya kwao bado imebandikwa kwenye kioo cha mbele na redio inayoishia 90, kwa sababu masafa ya FM ya Japani yanaanzia chini kuliko yetu. Kila ukiwasha, bibi mmoja wa Kijapani anasema maneno kwa adabu sana. Miaka mitatu minne tulikuwa tukimjibu "marahaba". Baadae mwanafunzi mmoja wa chuo, mwenye rafiki anayejua lugha ile, akatufasiria: anasema kadi ya kulipia barabara haijatiwa. Tokea hapo mama akaacha kumwitikia.

Nieleze kidogo kwa nini rejeta ile ilioza, maana haikuoza yenyewe. Bwejuu imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na kisima chetu kipo karibu na pwani, maji yake yana ladha ya chumvi na yakichemka yanaacha ukoko mweupe kwenye sufuria. Maji hayo hayo ndiyo yaliyotiwa kwenye gari kila yalipopungua, kwa sababu kopo la kulanti lazima ulifuate Mjini, kilomita 50 na kitu, na kisima kipo nyuma ya nyumba. Ongeza na mizigo: magunia ya mwani wa mama, ambao ukiwa haujakauka sawasawa unachuruzika chumvi mpaka chini ya mazulia, makumbi yaliyotoka kufukuliwa pwani, na harufu yake ambayo walioizoea tu ndio wanaoipenda. Gari iliyotoka kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi kuyeyushia barafu, ikaja kuishi kwenye chumvi nyengine.

Ilipoanza kuvuja ilikuwa vuli. Vioo vilikuwa vikipiga ukungu kwa ndani hata mvua ikiwa imekatika. Halafu zulia la upande wa abiria likawa halikauki. Vitabu vinasema utasikia harufu tamu ya kulanti, na ujihadhari paka asiirambe, ni sumu. Yetu haikuwa na utamu wowote. Ilikuwa inanukia mtungi wa zamani, na maji yaliyolowesha miguu ya mama yalikuwa na rangi ya chai kavu. Kutu tupu.

Fundi ni kijana wa hapa hapa kijijini, nilimsomesha darasa la tano. Akainama, akachungulia, akagusa zulia akanusa kidole.

"Mwalimu, hita hii. Naruka, kesho unakwenda zako Mjini."

Kabla sijajibu, mama alikuwa kishasema kutoka barazani: "Hita usiitoe, mwanangu."

"Bi mkubwa, siitoi, naiacha pale pale. Maji tu ndiyo hayatapita."

"Na moto utatoka?"

"Moto hautatoka."

"Basi hiyo umeitoa."

Fundi akanitazama mie. Ami, aliyekuwa amekuja kwa shughuli nyengine kabisa, akacheka, akasema moto wa Bwejuu haukutoshi, shemegi, mpaka ununue mwengine? Kisha akaanza maneno yake ya siku zote kwamba gari hii iuzwe hata kwa bei ya chuma, fedha igawiwe warithi, mambo yaishe. Mama hakumjibu. Alirudi kwenye ukindu wake.

Mie nilijua anachokisema, ingawa hatujawahi kukizungumza.

Januari 2018 tulikuwa tunarudi kutoka Mnazi Mmoja. Kaskazi imeshika, jua la saa nane mchana, lami inameremeta kama imemwagiwa maji. Miezi ile damu ya baba ilikuwa ikishuka kila tukimpima, na aliyepungukiwa na damu anasikia baridi hata umweke juani. Alikuwa kiti cha mbele, kajifunika shuka na kanga mbili za mama, vioo vimefungwa kwa sababu upepo ulikuwa unamuumiza. Tulipokaribia Jozani akanyoosha kidole kwenye dashibodi.

"Mwanangu, hii gari si ina moto wake?"

Miaka tisa tulikuwa nayo na hakuna aliyewahi kuuwasha. Nilizungusha kifungo mpaka mwisho wa nyekundu. Kwanza likatoka vumbi, halafu harufu ya kitu kilichofungiwa, halafu joto. Baba akaisogeza mikono yake miwili mbele ya tundu, viganja wazi, kama mtu anayeomba dua. Mie jasho lilikuwa linaniingia machoni. Mama kule nyuma alikuwa anajipepea kwa cheti cha dawa na hakusema neno. Tukapita Kitogani, tukapita Paje, kama nusu saa hivi. Karibu na nyumbani baba akasema, "Wajapani wana akili," akasinzia. Tulipofika hatukumwamsha mara moja. Tulikaa ndani ya gari, injini inanguruma, sote watatu, mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Mwezi wa pili tukamzika.

Kwa hiyo rejeta ile, tangu ilipotiwa gari hii hapa kisiwani, ilifanya kazi yake mara moja tu. Sikumweleza fundi hayo. Huwezi kumwambia kijana mwenye spana mkononi, akisubiriwa na pikipiki tatu, kwamba unataka akuvunjie dashibodi nzima kwa ajili ya nusu saa. Nilimpa sababu nyengine, na sababu ile nayo ni ya kweli: injini ikianza kuchemka njiani na mshale wa temperecha unapanda, ukifungua hita yote na feni mwisho, unaipunguzia injini moto, kwa sababu ile ni rejeta ya pili. Unateseka wewe, silinda hedi inasalimika. Nikamwambia nambebea mama mwenye umri wa miaka sabini na, na usiku nagongewa mlango na watu wenye wazazi wanaojifungua, sitaki kukwama msituni na gasketi iliyoungua. Fundi akatikisa kichwa. Hoja ya gasketi aliielewa.

"Lakini mwalimu, hiyo ni kazi. Na bei yake si ile."

Bei yake haikuwa ile hata kidogo. Kwanza tuliipeleka rejeta yenyewe Mjini kwa fundi wa kulehemu, kwa kuwa ni ya shaba na shaba inaungika. Zile za alumini usijisumbue. Aliitia maji na kuipuliza upepo, vipovu vikatoka sehemu nne. Akaziba nne, zikatoka nyengine mbili. Akanirudishia bila ya kunitoza, akasema, "Dada, hii unaishona hewa." Ikabidi iagizwe Dar es Salaam, Gerezani, kwa mtu anayemjua mtu, kutoka kwenye gari iliyovunjwa. Ilikuja kwa boti, imefungwa kwenye gazeti. Rejeta 60,000, ufundi 80,000, na hozi mpya mbili, maana zile za zamani zilikatika kama mkate wa juzi. Mama alitoa fedha ya mwani wa miezi mitatu akaniwekea juu ya meza pasi na kusema ya nini. Ami alipokuja kusikia, alisema sote wawili tumepatwa na jua.

Kuitoa ile kitu ndiyo kunamfanya mtu amwogope Mjapani. Inaanza droo ya upande wa abiria, halafu redio, usukani unateremshwa, dashibodi nzima inanyanyuliwa na watu wawili kama jeneza, na chini yake ni msitu wa nyaya. Skrubu moja imejificha nyuma ya nyengine. Fundi alizipanga juu ya jamvi kwa mafungu, na kila fungu akaliwekea jiwe la rangi tafauti ili asisahau. Siku mbili gari ilikaa chini ya mnazi haina uso. Wapita njia walisimama wakatoa pole kama kwamba kuna msiba.

Ndani ya boksi la hita, mbele ya rejeta, kulikuwa na tabaka la vijani vyembamba vikavu, virefu kama sindano. Nikadhani ni misonobari, kwamba vilisafiri na gari kutoka huko. Fundi akacheka: "Mvinje huu, mwalimu. Ule pale." Akaonesha kwa kidole ufukweni. Alikuwa na haki ya kucheka, mivinje imejaa pwani yetu, lakini mie nilizichambua zile sindano jioni ile na mpaka leo sijashawishika kwamba zote ni za mvinje. Chini ya boksi tukapata pia sarafu ya njano yenye tundu katikati, yeni 5. Mama aliigeuzageuza mkononi. Alipokuwa mdogo, senti za Afrika Mashariki nazo zilikuwa na tundu, akina bibi walizitunga kwenye uzi. Aliniuliza inanunua nini huko kwao. Nikamwambia hainunui kitu. "Kumbe kama hizi zetu," akasema, akaifunga kwenye pindo la kanga.

Siku ya tatu alasiri ikarudishwa. Hozi mpya, klipu mpya, na safari hii kulanti ya kopo, ya kijani. Kisima nimekipiga marufuku. Fundi akawasha. Bibi wa Kijapani akasema maneno yake ya kadi. Tukasubiri mshale upande mpaka katikati, fundi akagusa hozi ya kwanza ikawa ya moto, akagusa ya pili ikawa ya moto vile vile, maana yake maji yanazunguka. Akafungua feni. Likatoka vumbi, zikatoka na sindano mbili tatu zilizobaki, moja ikanasa kwenye ushungi wa mama, ambaye alikuwa kishakaa kiti cha mbele bila kualikwa.

Joto likaja. Fundi alikuwa kachutama mlangoni, jasho linamtiririka mpaka kidevuni.

"Inafanya kazi, bi mkubwa. Nizime?"

"Iache kidogo, mwanangu."

Akaiacha. Alikuwa anataka kuuangalia ule mshale hata hivyo, dakika kumi, kuona kama utatulia, na ulitulia. Nimebakiwa na deni lake la 30,000 mpaka mwisho wa mwezi, na skrubu tatu ndani ya kikombe, ambazo anasema hazina kwao. Wajapani, anasema, huwa wanazizidisha.